Mvua ya Manchester

Mimi nimelelewa nikiamini kwamba hakuna maji safi kama ya mvua. Nyumbani tuliyakinga kwenye pipa chini ya bati, na mgeni akipewa kikombe chake alishukuru. Ndiyo maana nilishtuka niliposoma habari za Robert Angus Smith.

Huyu alikuwa mkemia, mzaliwa wa Scotland, aliyehamia Manchester, Uingereza, miaka ya 1840. Mji huo ulikuwa ukitajirika kwa viwanda vya pamba, na kila kiwanda, na kila jiko la nyumbani, lilichoma makaa ya mawe. Makaa hayo yana salfa. Salfa ikiungua hutoa gesi, na gesi hiyo ikichanganyika na hewa na unyevu wa mawingu hugeuka tindikali, ile ile tunayotia katika betri za magari.

Smith naye alikinga mvua, lakini ya kupima. Mwaka 1852 akatangaza aliyoyaona. Mvua ya mashamba ya mbali ilikuwa na kaboneti ya amonia. Ya pembezoni mwa mji, salfeti ya amonia. Ya katikati ya mji ilikuwa na tindikali yenyewe. Akaeleza kwamba hiyo ndiyo inayopausha rangi za vitambaa na kula vyuma. Hebu fikiri: mji wa vitambaa unaharibu vitambaa kwa moshi wake wenyewe! Mwaka 1872 alitoa kitabu kizima, na humo akatumia jina la mvua ya tindikali.

Serikali haikulala kabisa. Sheria ya mwaka 1863 iliwabana wenye viwanda vya magadi, ambao mvuke wao wa haidrokloriki ulikuwa ukikausha miti na mazao ya majirani. Waliamriwa kuzuia asilimia 95 ya mvuke huo, na Smith akateuliwa mkaguzi wa kwanza. Lakini sheria hiyo haikugusa moshi wa makaa. Nadhani ni rahisi kumbana mwenye kiwanda kimoja kuliko kuingia jikoni kwa kila mtu.

Smith alifariki mwaka 1884. Desemba 1952, miaka 100 tangu taarifa yake ya kwanza, ukungu na moshi wa makaa viliufunika mji wa London kwa siku tano. Hesabu ya kwanza ilitaja vifo 4,000. Za baadaye zikafika 12,000. Sheria ya hewa safi, iliyogusa hata majiko ya nyumbani, ilipitishwa mwaka 1956.