Leseni ya duka la dawa si kibali cha kupatana bei

KATIKA miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Meru na Embu, wagonjwa wengi huanzia kwenye duka la dawa kabla ya kufika hospitalini. Maduka hayo yako chini ya sheria mbili zenye malengo tofauti. Moja humkinga mgonjwa dhidi ya dawa mbovu na wauzaji wasio na ujuzi. Nyingine humkinga dhidi ya wafanyabiashara wanaokula njama kuhusu bei.

Ya kwanza ni Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, iliyoanza kutumika Mei 1957. Chini yake, Bodi ya Famasia na Sumu husajili wafamasia, huandikisha wateknolojia wa dawa na kuidhinisha majengo ya kuuzia dawa. Kwa hivyo, anayetaka kufungua duka la dawa Othaya au Mweiga hatoshelezwi na mtaji. Sharti awe na mtaalamu aliyetambuliwa na jengo lililosajiliwa. Aidha, zipo dawa ambazo haziruhusiwi kuuzwa bila agizo la daktari.

Masharti hayo yana faida isiyo na shaka, kwani dawa iliyotolewa vibaya huua. Hata hivyo, hupunguza idadi ya wauzaji. Mathalani, mji mdogo ukiwa na maduka matatu pekee yenye leseni, ni rahisi kwa wenyewe kuketi pamoja na kuafikiana kwamba dawa fulani isiuzwe chini ya kiwango fulani. Mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu, ambaye hununua dawa kila mwezi, hana budi kulipa au kukatiza matibabu.

Hapo ndipo inapoingia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, iliyoanza kutekelezwa Agosti 2011 na kuchukua nafasi ya sheria ya mwaka 1988 kuhusu ukiritimba na udhibiti wa bei. Kifungu cha 21 kinapiga marufuku mapatano ya kupanga bei au kugawana wateja na maeneo. Kifungu cha 22 kinavihusu vyama vya wafanyabiashara vinavyowapendekezea wanachama bei ya kutoza. Navyo vyama vya kitaaluma ambavyo kanuni zao hupunguza ushindani vinaweza kuomba msamaha kwa Mamlaka ya Ushindani chini ya kifungu cha 29. Anayekiuka kifungu cha 21 anaweza kufungwa hadi miaka mitano, kutozwa faini isiyozidi Sh10 milioni, au adhabu zote mbili.

Swali gumu ni hili: je, bodi yenyewe ikiweka masharti yanayowafungia nje washindani? Kifungu cha 5 kinasema sheria ya ushindani inaihusu hata serikali na mashirika yake, lakini pale tu yanapofanya biashara. Bodi inapotoa leseni haiuzi dawa. Inatekeleza wajibu iliopewa na sheria.

Nchini Marekani suala hilo lilifika Mahakama ya Juu. Bodi ya madaktari wa meno ya jimbo la North Carolina ilikuwa imewaamuru watu wasio madaktari waache kung'arisha meno ya wateja. Wengi wa wanachama wake walikuwa madaktari wa meno waliokuwa wakiendelea na kazi hiyo. Mwaka 2015 mahakama iliamua kwamba bodi inayotawaliwa na watu wa biashara inayoisimamia haikingwi dhidi ya sheria ya ushindani, isipokuwa serikali ya jimbo iwe inaichunga kwa dhati.

Kwa mnunuzi, ni muhimu kutenganisha mambo. Bei ya juu pekee si kosa, wala bei zinazolingana si ushahidi kamili wa njama, kwa kuwa huenda maduka yananunua kwa muuzaji mmoja wa jumla. Kosa ni mapatano. Malalamishi kuhusu ubora wa dawa au muuzaji asiye na leseni hupelekwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Yanayohusu njama ya bei hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani. Leseni iliyotundikwa ukutani humhakikishia mgonjwa kwamba muuzaji anatambuliwa na sheria. Haimpi muuzaji huyo haki ya kuafikiana na jirani yake kuhusu kiasi ambacho mgonjwa atalipa.