Siti: jina alilolivaa binti wa Fumba

Mnamo mwaka 1880 hivi, katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, alizaliwa mtoto wa kike, na wazazi wake wakamwita Mtumwa. Baba, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi. Mama alikuwa na asili ya Uzaramo. Soko la watumwa la mjini lilikuwa limekwisha kufungwa mwaka 1873 kwa mkataba alioutia saini Sultani Barghash chini ya shinikizo la Waingereza, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali Unguja hadi mwaka 1897. Katika mazingira hayo jina la Mtumwa halikuhitaji kufasiriwa. Waislamu wengi huitwa Abdallah, mtumwa wa Mungu, na wanaona fahari. Lakini Abdallah anamtaja bwana wake. Mtumwa binti Saad hakuambiwa ni mtumwa wa nani, na kila aliyemwita alikuwa huru kujaza mwenyewe.

Mwanamke huyo ndiye aliyekuja kuitwa Siti. Leo jina hilo linapotajwa Afrika Mashariki, wa kwanza kukumbukwa ni yeye, wala si mabibi wa majumba ya kifalme waliolibeba kwa karne nyingi kabla yake.

Asili ya jina hilo ni Uarabuni. Neno sitt ni ufupisho wa sayyidati, yaani bibi yangu, uliotokana na mazungumzo ya kila siku badala ya lugha ya vitabuni. Lilianza kama neno la kumwita mwanamke mwenye cheo, likapanda hadi kwenye majina ya mabinti wa wafalme. Huko Misri, Sitt al-Mulk, aliyezaliwa mwaka 970, alikuwa dada yake khalifa al-Hakim wa ukoo wa Fatimiya. Kaka huyo alipotoweka mwaka 1021, dada mtu ndiye aliyeishika dola hadi alipofariki mwaka 1023. Dameski inamkumbuka Sitt al-Sham, dada yake Salahuddin, aliyejenga madrasa mjini humo. Hawa walizaliwa na heshima tayari, na jina lilikuja kuithibitisha.

Pwani yetu haikungoja neno la Waarabu ndipo ijue kumpa mwanamke cheo. Pate na Lamu walikuwa na Mwana: Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858, ndiye anayejulikana zaidi. Unguja walisema Bibi, na ndivyo alivyoitwa Bibi Salme, bintiye Sultani Said, aliyeondoka kisiwani mwaka 1866 na hatimaye akafanya maisha yake Ujerumani. Heshima hizi zina tabia ya kugandana na jina. Mwana akakaa mbele ya Aisha wakapata Mwanaisha, mbele ya Khamisi wakapata Mwanakhamisi, na baada ya vizazi vichache hakuna anayesikia tena cheo ndani yake. Siti naye alipita njia hiyo hiyo: kwanza akitangulia jina la mtu kama heshima, baadaye akasimama peke yake.

Njia hiyo haikuishia Unguja. Komoro huliandika Sitti na mara nyingi hulifuatisha na jina jingine, kama alivyo Sitti Farouata Mhoudine, aliyechaguliwa kuwa gavana wa Ngazidja. Lakini ni upande wa pili wa Bahari ya Hindi ambako jina hili limeenea mno. Indonesia na Malaysia Siti wamejaa: Siti Hartinah alikuwa mke wa Rais Soeharto, Siti Hasmah ni mke wa Mahathir Mohamad, na Siti Nurhaliza, mwimbaji wa Kimalaysia aliyezaliwa mwaka 1979, anajulikana eneo zima lile. Kule limetoka kwenye dini na adabu, likitangulia majina kama Khadijah, Aisyah na Maryam, kwa hiyo limekuwa la kawaida kabisa. Kwetu halijawahi kushindana na Fatma, Asha wala Zuhura. Uchache huo umelisaidia: mtu akilisikia anauliza ni Siti gani, na jibu la kwanza linalomjia mdomoni ni binti Saad.

Kabla ya kuitwa hivyo, Mtumwa alikuwa akiuza vyungu. Mama yake alivifinyanga, yeye akavichukua kwenda kuvitembeza, akiita wateja kwa sauti ambayo, kwa masimulizi yaliyorithiwa, watu waliitambua kabla ya kumwona mwenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini. Hakuwa na elimu ya shule wala ukoo wa kumpokea. Alikuwa na sauti, na kwa bahati alikutana na watu walioujua muziki: Ali Muhsin aliyemfundisha, kisha wenziwe wa kundi, Subeti, Budda bin Mwendo, Mbaruku na Maalim Shaaban.

Taarabu wakati huo haikuwa mahali pa mtu kama yeye. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa. Waliokuwamo walikuwa wanaume, na lugha ilikuwa Kiarabu, ambacho wengi wa wakazi wa kisiwa hawakukielewa. Binti Saad alijifunza kuimba kwa Kiarabu, akakubalika kwenye majumba ya mabwana, lakini kazi iliyombakiza kwenye kumbukumbu ni kuimba kwa Kiswahili. Nyumba yake ya Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida na wa wengi waliotoka utumwani, ilikuwa mahali pa kukutana na kusikiliza. Huko ziliimbwa habari za mtaani zenyewe. Wimbo wa Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke na namna mahakama ilivyoshughulikia kesi hiyo, na walioupokea walikuwa watu ambao mahakama ile haikuwahi kuwauliza maoni yao.

Ni katika miaka hiyo ya mjini ndipo Mtumwa alipokuwa Siti. Jina lilikuja na umaarufu, likatoka midomoni mwa wale waliomsikiliza. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa historia nzima. Mabinti wa Barghash wangeitwa Siti bila ya kuimba hata ubeti mmoja. Muuza vyungu wa Fumba alipewa neno lile lile kwa kazi ya koo lake, na watu waliokuwa wakiambiwa kwa vizazi kwamba heshima ni ya damu wakamwona mmoja wao akiitwa bibi, tena na mabwana wenyewe.

Walikuwapo ambao hawakuvumilia. Washindani wake walimtungia wimbo wa kumuuliza amekuwa mtu tangu lini, wakimkumbusha kwamba alitoka shamba amejifunga kaniki. Kaniki haikuwa nguo tu. Ilikuwa shuka nyeusi ya watumwa, na baada ya 1897 wanawake wengi wa Unguja waliivua wakavaa kanga za rangi ili mtu asiwasome historia yao mwilini. Kumtajia mtu kaniki hadharani kulikuwa na maana moja: wewe bado ni Mtumwa, hata ukijiita Siti. Waliolenga hapo walijua walikokusudia, maana ndilo jina alilozaliwa nalo. Alijibu kwa wimbo, akisema sura nzuri si kitu mbele ya akili. Akaendelea kuitwa Siti.

Mwaka 1928 alisafiri na kundi lake kwenda Bombay kurekodi na kampuni ya His Master's Voice. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa wa Afrika Mashariki kurekodiwa kibiashara, na mwanamke wa kwanza kupata jina kubwa kwa santuri za Kiswahili. Kabla ya hapo sauti yake ilifika pale alipofika mwenyewe. Sasa gramafoni ziliipiga sebuleni na mikahawani kote pwani, na kwenye kibandiko cha kila santuri palikuwa na jina lake. Mtu wa Mombasa, Lamu au Tanga ambaye hakuwahi kuijua Fumba aliliona limechapishwa: Siti binti Saad.

Sehemu ya pili ya jina hilo husahauliwa, nami naona inastahili kutazamwa. Binti Saad haikubadilika. Katika miongo ile watu wengi wa Unguja waliotoka utumwani walikuwa wakijitafutia asili mpya mbele ya serikali na mbele ya majirani, na walikuwa na haki zote, kwa kuwa asili ya kweli ilikuwa mzigo waliotwishwa na wengine. Yeye alikubali cheo kipya lakini akamwacha baba yake pale pale. Alitoka shamba na kaniki, kama walivyosema. Na alikuwa binti wa Saad, Mnyamwezi. Santuri zilibeba yote mawili pamoja.

Umm Kulthum wa Misri alianza kung'ara miaka hiyo hiyo ya 1920, naye akitoka kijijini kwenye familia ya watu wa chini, na Wamisri walimwita al-Sitt kwa mkato, bila ya kuongeza kitu. Sijui mji mwingine mbali na Cairo na Unguja ambako neno moja la majumba ya kifalme liliwaangukia wanawake wawili wa kijijini kwa sababu ile ile ya sauti.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo Shaaban Robert alikuwa amekutana naye, na wasifu aliomwandikia ukawa miongoni mwa wasifu wa mwanzo wa mwanamke katika fasihi ya Kiswahili. Nyimbo alizirithi Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyeziimba hadi uzee wake mkubwa. Alifariki Aprili 2013. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti, na hakuna aliyehitaji kuelezwa ni sauti ya nani.

Wapo walioitwa Siti kwa sababu nyingine, na Mama Siti Mwinyi, mke wa Rais Ali Hassan Mwinyi, alilifanya jina lisikike Ikulu kati ya 1985 na 1995. Lakini katika muziki mnyororo hauna shaka. Siti Amina anapiga udi na kuimba Unguja, katika kundi linalobeba jina hilo. Mwaka 2020 ilitoka albamu iitwayo Siti of Unguja, ya mwimbaji Siti Muharam. Nyimbo alizoziimba humo ni za bibi mzaa bibi yake. Yeye ni kitukuu cha Mtumwa binti Saad, na jina alilopewa ni lile la mjini.