Uaguzi, si Utatuzi

Mwongozo mmoja wa mafunzo ya TEHAMA, uliopitishwa na jopo ambalo sitalitaja, una sura nzima iitwayo "Utatuzi wa Matatizo". Sura hiyo inaeleza kwa urefu jinsi ya kuwasha upya, kusakinisha upya na kubadilisha vipuri. Namna ya kujua kilichoharibika imepewa aya moja. Sishangai. Jopo lilichagua neno linalotaja mwisho wa kazi, kisha likaandika sura inayorukia huko huko mwisho.

Neno tatua lenyewe halina kosa. Limetoka kwenye tata, shina lililotupa utata, matata, tatiza na hilo tatizo lenyewe, likavikwa -ua ya kutengua, ile ile inayogeuza funga kuwa fungua na ziba kuwa zibua. Kutatua ni kufumua kilichojizonga. Kwa hesabu linafaa, na kwa nyavu linafaa zaidi. Lakini mwenye kufumua wavu anao wavu mkononi na fundo analiona. Msimamizi wa seva, saa mbili asubuhi, simu zikiita kutoka kila idara, haoni fundo lolote. Ana malalamiko tu. Kazi yake nzito ni kujua. Kurekebisha mara nyingi ni amri ya mstari mmoja. Isitoshe, utatuzi huo huo umeshatwishwa kazi nyingine: fungua mipangilio ya simu upande wa wasanidi programu, utakutana na "Utatuzi wa USB", ambao ni shughuli tofauti kabisa.

Neno ninalolitetea, na nimelitetea mbele ya watu waliolibeza, ni uaguzi. Kuagua. Mwaguzi.

Mimi ni msimamizi wa mifumo kwa kazi na mkusanyaji wa kamusi kuukuu kwa mapenzi. Rafu yangu ina nakala ya Krapf ya mwaka 1882 iliyochapishwa upya, na Johnson ya 1939 iliyoliwa na mchwa pembeni. Agua ni neno kongwe kuliko kamusi zote mbili. Waganda husema okulagula, Wanyarwanda kuragura, Wakikuyu kũragũra, wote wakikusudia kazi ya kufichua kilichofichika. Kiswahili kilidondosha l zake kama kilivyofanya kwa mvula ikawa mvua na njala ikawa njaa, tukabaki na agua. Sikioni mwangu ni ndugu wa aga, agana, agano na agiza, maneno ya kutamka jambo likawa bayana kati ya watu. Na kwetu agua limebeba mambo mawili kwa pamoja: kufumbua lisiloonekana, na kutibu. Utaratibu huo ndio hasa ninaoutaka, kwanza ufumbuzi, kisha tiba. Kwa upande wa tiba tunalo pia ganga, ambalo zamani lilikuwa kufunga na kuunga kilichovunjika. Basi seva huaguliwa, kisha ikagangwa. Jopo lilikuwa na jozi hii nyumbani, likaenda kuazima kwenye hesabu.

Najua pingamizi, maana nimeandikiwa mara nyingi: agua linanuka ramli, nasi tunafundisha sayansi. Wanaosema hivyo wakiugua hupelekwa hospitali inayoongozwa na mganga mfawidhi, katika mkoa wenye mganga mkuu wa mkoa, na Tanzania nzima ina Mganga Mkuu wa Serikali. Mganga alivaa koti jeupe na hakuna aliyeshtuka. Rubani aliyekuwa akiongoza vyombo baharini leo anarusha ndege. Nahodha anavaa kitambaa mkononi uwanjani. Dukua, neno la kuchungulia siri za watu, limefufuliwa na sasa magazeti yote yanaandika udukuzi wa mitandao bila kuuliza ruhusa ya kamati. Kwa nini agua peke yake lifungiwe kilingeni?

Hata Kiingereza hakikuanza na kutatua. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika kampuni za simu na telegrafu za Marekani, "troubleshooter" alikuwa mtu aliyetumwa kufuata waya kutafuta ulipokatika. Kazi yake ilianza na kutafuta. Leo mkongo wa mawasiliano ukikatika, fundi aliye kituoni hurusha mwale wa nuru ndani yake na kupima muda unaochukua kurudi. Nuru ndani ya kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Ikirudi baada ya elfu moja ya sekunde, mkato uko kama kilomita 100 kutoka pale alipo. Hajagusa kitu, hajaganga kitu, lakini ameshaagua. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani, tiba ilihitaji meli. Siku ile nilisikia watu wazima wakiamuru seva zao ziwashwe upya.

Kuwasha upya kabla ya kuagua ni kufuta ushahidi: kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya mtambo kinapotea, na ugonjwa unarudi wiki ijayo ukiwa haujulikani. Hapa ndipo jina baya linapoleta hasara. Kijana aliyefundishwa kuwa kazi yake ni kutatua huona aibu kukaa dakika 20 akisoma tu.

Ofisi moja, umeme ulikatika usiku, na asubuhi hakuna aliyeweza kuingia kwenye mfumo. Skrini zilisema tu kwamba uthibitishaji umeshindikana. Kijana wa zamu akaanza kubadilisha nywila za watumishi, mmoja baada ya mwingine, na nywila mpya nazo zikakataliwa. Kwenye batli ya seva (neno la mabaharia kwa daftari la safari ya chombo, nalo nalipenda kuliko "kumbukumbu" inayobebeshwa kila kitu) mistari ya usiku ule ilikuwa na tarehe ya mwaka uliokwisha zamani. Betri ya CR2032, ile ya duara ya volti 3 inayotunza saa ya mtambo, ilikuwa imekufa. Umeme ulipokatika, saa ilirudi nyuma. Uthibitishaji wa Kerberos kwa kawaida haukubali saa za mashine mbili zipishane zaidi ya dakika 5. Na ntpd, programu iliyopaswa kusahihisha saa, ikikuta pengo la zaidi ya sekunde 1,000 hujizima isipokuwa imeamriwa vingine. Tiba ilikuwa betri na amri moja. Nywila za watu zilivurugwa bure.

Neno hitilafu lingemwongoza yule kijana kama angefundishwa asili yake. Kwa Kiarabu ni kutofautiana. Mwenye kutafuta hitilafu anatafuta tofauti: jana palikuwaje, leo pamebadilika nini? Swali la kwanza la mwaguzi limo ndani ya neno tunalolitamka kila siku.

Jioni mimi hushughulika na redio kuukuu za transista, na huko uaguzi ni wa kidole. Redio ikiwa kimya, gusa nyaya za kitufe cha sauti kwa bisibisi, mkono ukiwa kwenye chuma chake, redio ikitumia betri. Ikinguruma, nusu ya nyuma hadi spika ni nzima. Ugonjwa uko upande wa antena. Ukimya ukibaki, uko upande wa spika. Gawa tena nusu iliyobaki. Mtandao huaguliwa vivyo hivyo.

Matumizi hayana shida: kuagua seva, uaguzi wa mtandao, mwaguzi wa zamu, ripoti ya uaguzi. Mwenzangu mmoja mwenye cheo kikubwa cha lugha anapendekeza usuluhishi, kana kwamba ruta imegombana na swichi. Mwingine anashikilia uchunguzi, ambao ni wa polisi, wa maabara na wa tume, na hauna tiba ndani yake. Wingi wa mwaguzi ni waguzi, kama mwalimu na walimu. Wanaohofu kwamba tutawachanganya na wauguzi wa wodini wasome maneno yote mawili kwa sauti: muuguzi ametoka kwenye ugua, mwaguzi kwenye agua, na mzungumzaji wa Kiswahili anazisikia irabu hizo mbili tangu mtoto.