Mapambo ya taa za mkanda za LED

Mapambo ya taa za mkanda za LED ni njia ya kupamba nyumba, ua, bustani au jengo la biashara kwa mikanda myembamba inayopindika, yenye taa ndogo nyingi za LED. Mkanda hubandikwa kwa gundi iliyo nyuma yake au huwekwa ndani ya mfereji wa alumini. Mara nyingi hufichwa ili mwanga pekee ndio uonekane, si taa zenyewe.

Nchini Tanzania taa hizi huonekana katika dari za jipsam, makabati ya jikoni, rafu za maduka, saluni, baa na kumbi za harusi. Katika maeneo yenye mvua nyingi, kama mji wa Tukuyu na wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, jambo kubwa katika kazi hii ni kuzuia maji yasifike kwenye umeme.

Historia

LED ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "diodi itoayo mwanga". Mwaka 1907 Mwingereza Henry Joseph Round aliona fuwele ikitoa mwanga pale umeme ulipopita ndani yake. Mwaka 1962 Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric nchini Marekani alitengeneza LED ya mwanga mwekundu. Kwa miaka mingi LED zilitumika hasa kama taa ndogo za ishara kwenye redio na mitambo.

Ili kupata mwanga mweupe ilihitajika LED ya buluu yenye nguvu. Hiyo ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, ambao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED ya buluu ikifunikwa kwa fosfori ya njano, mwanga wake huonekana mweupe.

Muundo

Mikanda mingi huuzwa katika roli za mita 5 na hutumia umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 12 au 24. Umeme wa TANESCO ni mkondo geu wa volti 230, hivyo kati ya soketi na mkanda huwekwa kifaa cha kupunguza na kunyoosha umeme, ambacho wengi hukiita adapta au transfoma.

Mkanda una alama za mahali pa kukatia. Ule wa volti 12 kwa kawaida hukatwa kila baada ya taa 3, na wa volti 24 kila baada ya taa 6 au zaidi. Ukikatwa nje ya alama, taa za kipande hicho haziwaki. Upande wa chanya na wa hasi lazima viunganishwe sawasawa.

Iko pia mikanda inayounganishwa moja kwa moja na umeme wa volti 220 hadi 240. Haihitaji transfoma kubwa, na huweza kuwa mirefu sana. Hatari yake ni kwamba mahali palipokatwa au kuchubuka pana umeme uleule wa soketi, unaoweza kuua.

Rangi ya mwanga

Rangi ya mwanga mweupe hupimwa kwa kelvini. Mwanga wa kelvini 2,700 hadi 3,000 una umanjano kidogo na hufaa sebuleni na chumba cha kulala. Ule wa kelvini 4,000 hufaa jikoni. Wa kelvini 6,000 na zaidi ni mweupe wenye ubuluu, na hupendwa madukani. Mikanda ya RGB ina taa nyekundu, kijani na buluu zinazochanganywa kwa rimoti ili kutoa rangi nyingine.

Kuchagua transfoma

Nguvu ya mkanda huandikwa kwa wati kwa kila mita. Mkanda wenye wati 14.4 kwa mita, wenye urefu wa mita 5, unahitaji wati 72. Kwa volti 12 hiyo ni ampea 6. Mafundi huongeza akiba ya asilimia 20 hivi ili transfoma isifanye kazi kwa nguvu zake zote. Hapo hesabu inafikia wati 86.4, na kinachonunuliwa ni kifaa cha wati 100.

Mkanda mrefu kupita kiasi hufifia mwishoni kwa sababu volti hupungua njiani. Mkanda wa volti 12 usizidi mita 5 kwa mfululizo. Panapohitajika zaidi, kila kipande huletewa waya wake kutoka kwenye transfoma, au hutumiwa mkanda wa volti 24.

Kinga dhidi ya maji

Kiwango cha kinga huandikwa kwa herufi IP na tarakimu mbili: ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji.

- IP20: hauna kinga ya maji, ni wa ndani, mahali pakavu.
- IP65: unastahimili maji yanayorushwa, hufaa chini ya baraza au paa.
- IP67: unastahimili kuzama kwa muda mfupi, hufaa bustanini na mahali panaponyeshewa.
- IP68: unaweza kukaa ndani ya maji kwa kina alichotaja mtengenezaji.

Kiwango hicho ni cha mkanda mzima kama ulivyotoka kiwandani. Ukishakatwa, ncha zake huwa wazi, na lazima zifunikwe kwa kifuniko na silikoni.

Matumizi katika wilaya ya Rungwe

Tukuyu, makao makuu ya wilaya ya Rungwe, iko kwenye miteremko karibu na Mlima Rungwe, kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Mji hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Novemba na Mei, na ukungu ni wa kawaida. Ubaridi wa eneo husaidia taa, maana LED hudumu zaidi zisipopata joto kali. Unyevu ndio adui.

Kwa hiyo transfoma ya taa za nje huwekwa ndani ya nyumba au katika boksi lisilopitisha maji, na waya huingia kutoka chini. Kabla ya kuingia, waya huachwa uning'inie kidogo kama kitanzi ili matone yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani. Gundi ya mkanda haishiki vizuri kwenye ukuta wenye unyevu, vumbi au chokaa. Vibano vya skrubu au mfereji wa alumini ni bora zaidi. Ni salama zaidi kuchomoa transfoma kwenye soketi kabla ya radi kuanza.

Wanyakyusa walijulikana zamani kwa nyumba za mianzi zenye paa la nyasi, na vibanda vya namna hiyo huvutia vikipambwa kwa mwanga. Hata hivyo mianzi mikavu na nyasi hushika moto upesi. Mahali kama hapo mkanda uwekwe ndani ya mfereji wa alumini, na transfoma ikae mbali na nyasi.

Umeme wa sola

Nyumba isiyo na umeme wa gridi inaweza kutumia mkanda wa volti 12 kwa betri ya sola. Mkanda wa wati 24 ukiwaka saa 4 hutumia wati-saa 96. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, na haifai kutumia zaidi ya nusu. Hivyo hutosha kwa usiku 3. Betri inapochajiwa volti zake huweza kupita 14, na mkanda ukapata joto. Ni bora kuunganisha kupitia kidhibiti chaji na kuweka fyuzi karibu na betri.

Usalama na gharama

Mkanda usiwashwe ukiwa umeviringwa kwenye roli, kwa kuwa joto hukosa pa kutokea. Kazi yoyote kwenye waya za volti 230 inapaswa kufanywa na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Saketi ya nje inahitaji swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30.

Mkanda wa wati 24 ukiwaka saa 5 kila usiku hutumia uniti 3.6 za LUKU kwa siku 30. Ule wa wati 72 hutumia uniti 10.8.

Mwanga wa nje unaowaka usiku kucha husumbua nondo, popo na viumbe wengine wa usiku. Mwanga wa umanjano, unaoelekezwa chini na kuzimwa usiohitajika, huvutia wadudu wachache zaidi.

Tazama pia

- Diodi
- Nishati ya jua
- Tukuyu
- Wilaya ya Rungwe