Zimamoto wanaokuja pasipo moshi

Seattle ni jiji la bandari, kaskazini magharibi mwa Marekani. Huko mzee akibanwa na kifua usiku wa manane, gari la kwanza kusimama mlangoni mara nyingi ni jekundu, lina mipira ya maji ubavuni, na wanaoshuka wamevaa mabuti ya zimamoto. Moto haupo. Mmoja amebeba mtungi wa oksijeni, mwingine mashine ya kushtua moyo, na jirani anayechungulia dirishani, akiwa mgeni wa jiji, hujiuliza faya wamefuata nini.

Ukitaka kumjibu, anza na chungu cha gundi.

Mchana wa tarehe 6 Juni 1889, katika karakana moja ya useremala mjini humo, gundi iliyokuwa inachemka ilifurika ikawaka. Sakafuni palikuwa na maranda na tapentaini. Msaidizi akamwagia maji, moto ukatawanyika. Kikosi cha zimamoto kilikuwa cha watu wa kujitolea, na mkuu wao hakuwepo: alikuwa San Francisco kwenye mkutano wa wakuu wa zimamoto. Mabomba ya mji, mengine yakiwa magogo tu yaliyotobolewa katikati, yaliishiwa nguvu kila mpira mwingine ulipofungwa. Kulipokucha, sehemu ya biashara ilikuwa majivu. Kabla mwaka haujaisha, Seattle ilikuwa imeanzisha kikosi cha kuajiriwa.

Hapo ndipo penyewe. Jiji likishalipa mishahara, linakuwa na watu walio macho usiku na mchana, waliotawanywa kwenye vituo mtaa kwa mtaa, gari limeelekezwa barabarani, kazi yao kubwa ikiwa kungoja. Hospitali haina watu wa namna hiyo. Hospitali inakungoja wewe uende.

Siku hizo hata wito wenyewe ulikuwa bubu. Boston ilifunga masanduku ya kengele ya telegrafu barabarani mwaka 1852, na miji mingine ikaiga. Ukivuta mkono wa sanduku, kituoni walijua umesimama wapi, lakini hawakujua umepatwa na nini. Zimamoto walizoea kutoka mbio bila kujua wanakwenda kukuta nini. Mashine za oksijeni zilipoingia vikosini mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ajili ya waliopaliwa na moshi, raia nao wakaanza kuziitisha: mtoto kazama, mtu kavuta gesi. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba zimamoto watibu watu. Waliitwa, wakaenda.

Upande wa pili, magari ya wagonjwa ya Marekani yalikuwa aibu. Katika miji mingi yalimilikiwa na kampuni za mazishi, hasa kwa sababu gari la maiti lilikuwa refu kiasi cha mtu kulala. Gari lilelile lilipeleka mgonjwa asubuhi na jeneza jioni. Mwaka 1966 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha nchi hiyo kilitoa ripoti iliyoviita vifo vya ajali ugonjwa uliopuuzwa, na serikali ikaanza kuona haya. Simu ya kwanza ya 911, namba ya dharura ya Marekani, ilipigwa tarehe 16 Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, jimboni Alabama.

Wazo kubwa zaidi, hata hivyo, lilitoka Belfast, Ireland ya Kaskazini. Mwaka uleule wa 1966, daktari Frank Pantridge wa Hospitali ya Royal Victoria alichoka kuona wagonjwa wa moyo wakifia njiani. Akapakia mashine ya kushtua moyo kwenye gari, ikiendeshwa kwa betri za gari, uzito wake kilo 70, akaipeleka kwa mgonjwa pamoja na daktari na muuguzi. Alichapisha matokeo yake katika jarida la The Lancet mwaka 1967. Kule Seattle, bingwa wa moyo Leonard Cobb wa Hospitali ya Harborview aliyasoma. Shida yake ilikuwa moja: atapata wapi madaktari wa kukaa garini usiku kucha?

Akamfuata mkuu wa zimamoto, Gordon Vickery, ambaye tayari alikuwa na magari ya huduma ya kwanza. Wakakubaliana kwamba daktari hatatoka. Kitakachotoka ni ujuzi wake. Zimamoto wakapelekwa hospitalini kujifunza kusoma mapigo ya moyo, kuingiza sindano mshipani na kupitisha mpira wa hewa kooni. Wako madaktari waliotia shaka: mtu wa mpira wa maji ashike dawa? Tarehe 7 Machi 1970 gari la Medic One likaanza kazi, likiegeshwa Harborview. Lilikuwa kubwa mno, mithili ya nyumba ya kusafiria, watu wakalibandika jina Moby Pig, mzaha juu ya Moby Dick, yule nyangumi wa hadithi. Fedha za serikali kuu zilipokoma, wananchi wa Seattle wenyewe walichanga ili lisisimame.

Ila gari si urithi mkubwa wa Vickery. Aliona kwamba kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa na moyo kushtuliwa hupunguza nafasi ya mtu kupona. Kwa hiyo gari la kituo cha karibu litangulie, hata kama waliomo wanajua kukandamiza kifua tu, na wenye dawa wafuate. Kisha akaenda mbele zaidi: kuanzia mapema miaka ya 1970, raia wa kawaida wakaanza kufundishwa kwa maelfu. Kufikia mwaka 1974 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kilikuwa kikiwaambia Wamarekani kwamba ukitaka kupatwa na mshtuko wa moyo, upatwe ukiwa Seattle.

Seattle haikuwa peke yake. Miami, daktari Eugene Nagel alikuwa akiwafunza zimamoto miaka hiyohiyo. Jimbo la California, liliko Los Angeles, lilipitisha sheria ya kuruhusu kazi hiyo mwaka 1970, na tamthilia ya Emergency!, iliyoanza mwaka 1972, ikawafanya watu wa kila mji waulize mbona wao hawana. Tusisahau Pittsburgh. Huko, tangu mwaka 1967, vijana weusi wa mtaa wa Hill District, waliofunzwa chini ya daktari Peter Safar, waliendesha huduma ya magari ya wagonjwa ya Freedom House, iliyoitangulia Medic One. Jiji likaichukua mwaka 1975, na wengi wao wakajikuta pembeni. Historia ya kazi hii husimuliwa mno kwa sura za zimamoto weupe.

Baadaye, katika wilaya ya King inayozunguka Seattle, kiungo kingine kiliongezwa: mpokea simu. Anauliza maswali mawili. Ana fahamu? Anapumua kawaida? Akijibiwa hapana mara mbili, hangoji la tatu: mlaze chali sakafuni, weka kiganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu, hesabu nami. Neno "kawaida" limewekwa makusudi, maana mtu ambaye moyo wake umesimama huweza kukoroma, na nduguze wakadhani amelala. Miongoni mwa walioonwa wakianguka na ambao moyo wao ulikuwa bado wa kushtulika, ipo miaka ambayo zaidi ya nusu ya wagonjwa wa wilaya hiyo walitoka hospitalini wakiwa hai.

Mafanikio hayo yana bei. Mwaka 1980 zimamoto wa Marekani walipokea wito milioni 10.8, na moto ulikuwa karibu milioni 3. Mwaka 2019 wito ulikuwa zaidi ya milioni 37. Moto ulishuka hadi kama milioni 1.3, wagonjwa wakafika milioni 24. Gari la tani nyingi na watu wanne huenda kumwinua bibi aliyeteleza bafuni. Kuna zimamoto wanaonung'unika kwamba hawakuajiriwa kwa hilo, nami nawaelewa, ingawa sijui bibi angempigia nani mwingine saa tisa usiku.

Seattle imejaribu jibu lake. Tangu Novemba 2019 ina kikosi kidogo kiitwacho Health One: zimamoto wawili na mtu wa ustawi wa jamii, kwa walevi, wasio na makazi na wagonjwa wasiohitaji king'ora. Kilianza na eneo la katikati ya jiji, ukiwemo mtaa wa Pioneer Square, palepale palipoungua mwaka 1889. Gari lao halibebi maji ya kuzimia moto.