Tauni ya Amwas na Safari Iliyokatishwa Sargh

Tauni ya Amwas ilizuka Palestina, magharibi ya Jerusalemu, katika miaka ya 17 na 18 Hijria (638–639), ikaenea Sham yote. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kutoka Madina kwenda Sham alipopokewa Sargh, mpakani mwa Hijazi, na makamanda wake wakiongozwa na Abu Ubaida bin Jarrah, wakampa habari za maradhi. Umar akataka shauri. Muhajirina walitofautiana, Ansari nao wakatofautiana. Wazee wa Kikureshi waliohamia Madina wakati wa kufunguliwa Makka ndio pekee waliokuwa na kauli moja: watu warudi.

Umar akaamua kurudi, na Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu la Umar, lililopokewa na Ibn Abbas na kuhifadhiwa na Bukhari na Muslim, ni kwamba anaitoka kadari moja kuiendea nyingine. Mchunga ngamia akilisha upande wa bonde wenye majani au ule mkavu, kote ni kwa kadari. Uzito wa kisa chote uko hapo: kinga iliwekwa ndani ya imani yenyewe. Kisha akafika Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo kwenye mashauriano, na hadithi ya Mtume (S.A.W.): ardhi yenye tauni isiingiwe, na aliye ndani yake asitoke kwa kuikimbia.

Sehemu ya pili ya hadithi hiyo ndiyo ngumu zaidi, maana humtaka aliyezingirwa na maradhi asiwapelekee wengine. Yasimuliwa kuwa Umar alimwandikia Abu Ubaida aje Madina kwa haja ya dharura. Abu Ubaida akaielewa nia ya kumtoa kwenye maradhi, akaomba udhuru abaki na askari wake, na tauni ikamuua. Muadh bin Jabal aliyemrithi naye akafa. Amr bin Aas, aliyeshika uongozi baada yake, ndiye aliyewatawanya watu milimani, na ugonjwa ukatulia. Wanahistoria wa kale hutaja vifo 25,000.

Karne saba baadaye, tauni kuu ya 1348 ilipofika Andalusia, Ibn al-Khatib, tabibu na waziri wa Granada, aliandika waziwazi kwamba maradhi huambukiza kwa kugusana, kwa nguo na vyombo, na kwa wasafiri wanaoshuka bandarini. Miongoni mwa ushahidi wake ni mcha Mungu mmoja wa Sale, Moroko, aliyeweka akiba ya chakula na kujifungia na familia yake kubwa. Mji uliangamia, nyumbani mwake hakufa mtu.