Kwa Nini Prosesa Mpya Hukataa Mazabodi Kuukuu? Historia Fupi, Kutoka 486 Hadi Kiambere

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, lakini swali ninaloulizwa sana siku hizi halihusu programu. Linahusu chuma chenyewe. Watu wa kwetu Kiambere, kule Mbeere Kusini katika kaunti ya Embu, wana kompyuta za mezani za mitumba zenye prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba. Windows 10 ilifikia mwisho wa matunzo yake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa prosesa hizo. Basi wanauliza: je, siwezi kununua prosesa ya kizazi cha nane peke yake, niichomeke kwenye mazabodi niliyo nayo, mambo yakaisha?

Anayeuliza kwa wasiwasi kuliko wote ni mwalimu mmoja wa sekondari mwenye maabara ya mashine ishirini. Jibu fupi, mwalimu, ni hapana. Jibu refu ni historia ya zaidi ya miaka thelathini. Nataka tuipitie pamoja, kwa sababu anayeijua si rahisi kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwanza tuelewane kwa maneno

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote. Mazabodi, ambayo wengine huiita ubao mama, ndiyo inayoibeba prosesa na kuiunganisha na kila kitu kingine. Soketi ni mahali prosesa inapokaa. Chipseti ni msaidizi wa prosesa aliyebandikwa kwenye mazabodi. Bayosi ni programu ndogo inayoamka kwanza unapobonyeza swichi, nayo ndiyo inayoitambua prosesa.

Kwa hiyo prosesa ikubaliwe lazima mambo manne yakubaliane: umbo la soketi, umeme, chipseti na bayosi. Watu wengi huangalia umbo tu. Wakiona imeingia, wanadhani kazi imekwisha. Kumbe bado mambo matatu!

Enzi ya 486: nafasi iliyoachwa makusudi

Intel ilitoa prosesa ya 486 mwaka 1989. Kuanzia 1992 ikauza prosesa za OverDrive, zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu aliyetaka kuongeza kasi bila kununua kompyuta nyingine. Baadhi ya soketi za 486 zilikuwa na safu ya ziada ya matundu kandokando ambayo 486 yenyewe haikuitumia. Mwaka 1995 ikaja Pentium OverDrive, ikakaa palepale na kuitumia ile safu. Mtengenezaji alikuwa amewaza kesho, akaacha nafasi.

Mwaka huohuo wa 1995 ikaja Socket 7. Wazee wa fani hii wanaikumbuka kwa mapenzi, na mimi sishangai. Soketi moja ilipokea Pentium ya Intel, K5 na K6 za AMD, na 6x86 ya Cyrix. Ungeweza kubadilisha kampuni bila kubadilisha mazabodi.

Lakini hata humo tatizo la umeme lilijitokeza mapema. Pentium MMX ilipotoka Januari 1997, sehemu yake ya ndani ilitaka volti 2.8, huku sehemu ya kuwasiliana na mazabodi ikitaka volti 3.3. Mazabodi za mwanzo zilizojua kutoa volti moja tu hazikuiweza, ingawa matundu yalilingana.

Mlango unafungwa

Mei 1997 Intel ikaja na Pentium II, na badala ya soketi ikaweka Slot 1, mfano wa kadi inayosimama wima. Teknolojia ile ilikuwa mali ya Intel, na AMD haikuwa na ruhusa ya kuitumia. AMD ikaiongezea kasi Socket 7 na kuiita Super 7 mwaka 1998. Mwaka 1999 ikatoa Athlon kwenye Slot A, ambayo ilitumia kiunganishi cha plastiki cha umbo lilelile la Slot 1 lakini kikiwa kimegeuzwa, na mfumo tofauti kabisa wa umeme na mawasiliano. Tazama hapo: umbo moja, kampuni mbili, na hakuna kubadilishana.

Mfano wa pili ni Socket 370. Ilianza na Celeron mwaka 1999, mwaka huohuo ikapokea Pentium III ya Coppermine, na mwaka 2001 ikapokea Tualatin. Zote zina matundu 370. Lakini Tualatin ilitumia volteji nyingine ya mawasiliano, na baadhi ya pini zilikuwa zimebadilishiwa kazi, hivyo mazabodi nyingi za awali hazikuiwasha. Wafanyabiashara wakatengeneza adapta za kuweka katikati, na mafundi wenye mikono mizuri wakawa wanaunganisha pini kwa waya mwembamba.

Mwaka 2004 ikaja LGA 775, na pini zikahamia kutoka kwenye prosesa hadi kwenye mazabodi. Soketi hii ilianza na Pentium 4 ikaishi hadi enzi ya Core 2 Quad. Lakini mwenye mazabodi ya chipseti 915 ya mwaka 2004 hakuweza kuweka Core 2 Duo ya mwaka 2006, japo ilikaa kwenye soketi bila kulalamika.

Hapa ndipo sisi tunapoingia

Afrika Mashariki hatukuipitia historia hii kwa mpangilio wake. Wengi wetu tulipokea mashine zilizokwisha kutumika ofisini huko Ulaya, zile ambazo wauzaji wa Nairobi huziita "ex-UK". Nyingine zilipitia mashirika kama Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002 likawa linafufua kompyuta kuukuu na kuzipeleka shuleni. Mashine nyingi za aina hii ni za ofisini: Dell OptiPlex, HP Compaq, baadaye HP EliteDesk. Na mashine za ofisini zina masharti yake.

Chukua mwaka 2011. Dell OptiPlex 790 na HP Compaq 8200 Elite zilitoka na soketi LGA 1155 na prosesa za kizazi cha pili. Mwaka 2012 Intel ikatoa kizazi cha tatu kwa soketi ileile. Mwenye mazabodi ya dukani yenye chipseti H61 au Z68 aliweza kuipata prosesa mpya kwa kusasisha bayosi, ikiwa mtengenezaji aliitoa. Lakini chipseti za ofisini, yaani Q65, Q67 na B65, Intel ilisema haziungi mkono kizazi cha tatu. OptiPlex 790 na 8200 Elite ziko kwenye kundi hilo! Kwa hiyo ushauri uliokuwa sahihi kwa kijana aliyejijengea kompyuta kule London ulikuwa kosa kwa mwenye saiba wa Kiritiri, ingawa soketi zao zilifanana kabisa.

Sasa tufike kwenye mashine za mwalimu. Soketi LGA 1151 ilianza mwaka 2015 na kizazi cha sita, ikapokea cha saba mwanzoni mwa 2017. Oktoba 2017 kizazi cha nane kikatoka. Soketi inaitwa LGA 1151, pini ni 1151, prosesa inakaa vizuri. Lakini Intel ilitaka mazabodi mpya zenye chipseti za mfululizo wa 300. Sababu iliyotolewa ni umeme: prosesa za juu sasa zilikuwa na viini sita badala ya vinne, na pini zilizokuwa akiba zikapewa kazi ya kupitisha umeme.

Baadaye wataalamu walifanikiwa kuwasha prosesa hizo kwenye baadhi ya mazabodi za zamani kwa kurekebisha bayosi na kuziba pini kadhaa. Kwa maoni yangu huo ni ushahidi kwamba sababu haikuwa umeme peke yake, biashara nayo ilikuwamo. Hata hivyo, kazi ya namna hiyo ni ya mtu mwenye mazabodi moja na muda mwingi. Siyo ya maabara ya wanafunzi.

Halafu Windows 11 ikatoka Oktoba 2021, na Microsoft ikachora mstari wake wa Intel karibu palepale: kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa prosesa chache za kizazi cha saba. Mipaka miwili, mmoja wa chuma na mmoja wa programu, ikaangukia mahali pamoja. Ndiyo maana mwalimu amekwama.

Mfano wa nyumbani

Anayedhani haya ni mambo ya kigeni aangalie Mto Tana. Bwawa la Kiambere ni la mwisho kuteremka katika msururu wa Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, kisha Kiambere. Kituo cha Kiambere kilianza kazi mwaka 1988 kikiwa na mitambo miwili yenye jumla ya megawati 144. Uboreshaji uliokamilika mwaka 2009 uliongeza takriban megawati 20. Bwawa ni lilelile na mto ni uleule. Kilichobadilishwa ni mitambo ya ndani.

Kindaruma, iliyofunguliwa mwaka 1968, inafundisha zaidi. Waliojenga waliweka mitambo miwili na kuacha nafasi ya wa tatu. Nafasi ile ilikaa tupu zaidi ya miaka arobaini. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mtambo wa tatu ukawekwa, ile miwili ikakarabatiwa, na jumla ikafika megawati 72. Kama nafasi isingeachwa mwaka 1968, kuongeza mtambo huo kungedai ujenzi mwingine kabisa.

Kwenye kompyuta ni vivyo hivyo. Uwezo wa kuboresha huamuliwa siku mazabodi inapochorwa, na mnunuzi wa mtumba anakuja miaka mingi baada ya uamuzi huo. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "prosesa gani nzuri?" Liwe "mazabodi hii iliachiwa nafasi gani?"

Kwamba nafasi inaweza kuachwa hata leo, AMD wameonyesha. Soketi ya AM4 ilianza mwaka 2016, na prosesa za Ryzen zikaingia mwaka 2017. Mei 2020 AMD ilitangaza kwamba kizazi kilichokuwa kinakuja hakitakubaliwa na mazabodi za mfululizo wa 400. Moja ya sababu ilikuwa udogo wa chipu ya bayosi, kwani nyingi zilikuwa na megabaiti 16 tu na orodha ya prosesa ilikuwa imeshajaa. Wateja walipiga kelele, na kabla ya mwezi kwisha kampuni ikabadili uamuzi. Mwaka 2022 hata mazabodi za mfululizo wa 300 zikaruhusiwa, na Ryzen 7 5800X3D ya mwaka huo ikaweza kukaa kwenye mazabodi za mwaka 2017. Wateja wakidai, nafasi hupatikana.

Basi mwalimu afanye nini?

Kwanza, asinunue prosesa za kizazi cha nane kwa mashine zile. Hazitawaka, na pesa ya shule itakuwa imepotea.

Pili, ndani ya soketi yake bado ana nafasi. Mashine yenye i3 ya kizazi cha sita inaweza kupokea i5 au i7 ya kizazi hichohicho, mradi iwe kwenye orodha ya mtengenezaji na kipoza joto na pawa saplai viweze. Kwa kizazi cha saba, bayosi isasishwe kabla ya kubadilisha prosesa, siyo baadaye. Na tafadhali, kwa stima yetu ya kwenda na kurudi, mashine iwe kwenye UPS wakati wa kusasisha! Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza kufa palepale.

Tatu, kwa kazi za maabara, kuweka SSD na kuongeza RAM kutasaidia kuliko kubadilisha prosesa.

Nne, kuhusu Windows: kubadilisha prosesa ndani ya kizazi cha sita hakutaifanya Windows 11 ikubali. Zipo njia za kuilazimisha, lakini Microsoft haitoi hakikisho la masasisho kwa mashine hizo, nami siishauri shule ifanye hivyo. Kwa masomo ya kuandika, hesabu za jedwali, intaneti na programu za mwanzo, Linux Mint au Ubuntu itaendesha mashine hizo kwa miaka mingine, bila malipo na kwa masasisho ya usalama. Aanze na mashine mbili, wanafunzi wazizoee.

Tano, siku bajeti ikiruhusu kununua nyingine, anunue mashine nzima ya kizazi cha nane au zaidi, kwa mfano OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4. Asikubali maneno ya muuzaji kwamba "ni i7, ni kali." Kuna i7 za kila kizazi. Aombe iwashwe, asome jina kamili la prosesa: i7-6700 ni ya kizazi cha sita, i7-8700 ni ya nane. Kisha aandike jina la mazabodi na kulitafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kutoa hata shilingi.

Mashine ishirini zile bado zina kazi ya kufanya, mwalimu. Usizitupe. Wakati mwingine nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuweka Linux kwenye maabara nzima kwa kutumia flashi moja.